Kazi Isiyoombwa Mlangoni

Siti binti Faki na wewe Mosi binti Ali, mlikuja kwangu Ijumaa baada ya sala, mkakaa ukumbini, mkazunguka na habari za mpunga na nguruwe wanaofukua mihogo, hata mwisho Siti akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, kazi haiji." Mkainama nyote wawili. Nilijua mliona haya kwa nini. Mtu wa kazi nyingine akisema kazi haiji, watu humpa pole. Mwosha maiti akisema hivyo ni kama analalamika kuwa watu hawafi.

Watu wanakufa, na ninyi mnajua. Wanakufa kisha anaitwa mwingine. Ndilo mlilotaka kuniuliza: nyumba humwitaje huyu ikamwacha yule? Siku ile sikuwajibu vizuri kwa kuwa wajukuu walikuwa wametega masikio. Sasa nimekaa peke yangu nawaandikia. Herufi nilifunzwa chuoni na Mwalimu Bakari, nikafika Juzuu Amma nikaolewa, basi mkikuta neno limepinda linyoosheni wenyewe. Malipo siyaandiki. Kila nyumba inajua ilichonipa na mie najua nilichopokea. Majina nitayaandika. Jina la marehemu si siri, mwili wake ndio siri, na katika wote niliowaosha sijasahau hata mmoja.

Nilianza mwaka ule Wadachi walipotweka bendera yao hapa kisiwani Chole. Mume wangu Shomari alikuwa amekufa kwa homa huko kwao Bwejuu. Nilipomaliza eda nikarudi Chole na mtoto wangu mmoja, Tatu, angali ananyonya kidole. Baba sina, kaka sina. Nikawa nasuka ukili wa mikeka mchana kutwa, na jioni nala kwa jirani yangu Bi Kidawa binti Msa, ambaye ndiye alikuwa mwosha wa mji.

Haukupita muda, wifi yangu Mwanakombo akavuka kutoka Bwejuu na wazee wawili wa ukoo wao. Hakuja kwa matusi. Laiti angekuja kwa matusi! Alikuja na nguru mkavu, akamweka Tatu mapajani, akamchana nywele kwa vidole, akasema, "Wifi, hii damu yetu. Wewe huna jiko. Leo wala kwa huyu, kesho kwa yule. Nipe nikamlee."

"Nitapata kazi, wifi."

"Kazi gani? Ukili?"

Tukaenda kwa kadhi. Kadhi akasema mtoto mdogo hukaa na mama madhali mama ana cha kumlisha. Atakapoweza kula mwenyewe, kujisafisha mwenyewe na kupambanua la kheri na la shari, ataulizwa anataka kukaa na nani, na atakalosema litafuatwa. Lakini ikionekana kabla ya hapo kuwa mama anamlaza na njaa, aende Bwejuu kwa shangazi yake. Mwanakombo akasema, "Nimesikia, Sheikh." Tulipotoka nje akanishika bega. "Nitakuwa nakuja kutazama, wifi yangu." Na akaja. Kila alipokuja, kabla hajavua ushungi, alikwenda kwanza jikoni akafunua chungu.

Mnaniona leo natembea na bakora watu wakanipisha njia, mkadhani sikujua hofu. Hofu yangu ilikuwa kile kifuniko cha chungu. 

Siku yangu ya kwanza sikuitafuta. Bi Kidawa alikuwa na mtu wa kummiminia maji, jina lake Bahati, na Bahati siku ile alikuwa na homa. Bi Kidawa akaja mlangoni kwangu. "Mwanatumu, njoo unimiminie maji ya kuoga."

"Unaoga saa hizi, Bi Kidawa?"

"Si yangu."

Alikuwa Bi Hadia binti Mkuu, bibi mzee, amekufa kwa uzee wake. Wameshachimba ufuo chumbani, lile shimo la kupokea maji, na kitanda cha kamba kimewekwa juu yake. Majani ya mkunazi yametwangwa. Bi Kidawa akanipa kata ya kuchotea maji akaniambia, "Kuume kwanza, kisha kushoto. Usirushe maji. Mimina kama unammiminia mama yako." Nikamimina.  Ikafika wakati wa kumwinua kidogo na kumkamua tumbo taratibu, na Bi Kidawa alipomgandamiza, pumzi iliyokuwa imebaki kifuani ikatoka. "Aaah." Vile vile kama mtu anayetua mzigo.

Sikumbuki nilivyopita mlango. Nilijikuta migombani, kata ingali mkononi. Bi Kidawa akatoa kichwa dirishani akaniita mbele ya wafiwa wote, "Mwanatumu! Ukikimbia kimbia, lakini kata yangu niachie!" Bi Mgeni, binti wa marehemu, akacheka hata akaziba mdomo kwa ushungi, kisha kicheko kikageuka kilio. Nikarudi. Watu huniuliza ushujaa wa kazi hii niliutoa wapi. Nilirudisha kata, basi.

Nikawa mmiminaji wake. Akanifunza kuzungusha kitambaa mkononi kabla ya kugusa, kumsitiri marehemu toka kitovuni mpaka magotini wakati wote hata kama chumbani hamna mtu, kuosha kwa witiri, mara tatu au tano, ya mwisho na karafumaiti ya kunukiza, na kuzisuka nywele za mwanamke misuko mitatu uziweke nyuma. Akanifunza pia kusema naye. "Mwambie unachofanya. Sasa nakugeuza, mama. Sasa naosha mkono. Hajibu, lakini wewe mikono yako itatulia." Kweli, ilitulia.

Macho ya Bi Kidawa yakaingia ukungu, akaacha kazi, akaniambia, "Haya, sasa ni wewe." Nikadhani nyumba zake zitanifuata mimi. Hazikufuata. Zikamwita Bi Zuhura binti Nassor wa upande wa pili wa mji, mwanamke mwenye sauti na ndugu wengi. Mimi nikakaa. Siku zikapita, hodi hakuna. Chunguni mkawa na mlenda na maji. Mwanakombo akaja, akafunua, akafunika.  Akampakata Tatu kwa muda mrefu kuliko desturi yake, naye Tatu akalala kifuani kwake.

Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta kazi, nanyi sikilizeni nilivyokwenda, msije mkafanya kama mimi.

Nilisikia kuwa Bi Mwanaidi binti Shame wa Juani yu hoi, amefunga kinywa, watoto wake wameitwa kutoka mashambani. Nikawaza: nikajionyeshe. Nikimjulia hali, nyumba itanikumbuka. Nikafua nguo yangu, nikachukua chane ya ndizi, nikavuka na mtumbwi. Nikafika mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

"Nani?"

"Mwanatumu wa Chole."

 Kisha nikasikia sauti ya kike ndani, "Mama! Mwosha keshakuja!" Na nyumba nzima ikalipuka kwa kilio. Majirani wakasikia kilio wakaja mbio na mikeka ya kutandika matangani. Mwanamume mmoja akanipita na jembe begani, anauliza njia ya makaburini imefyekwa au haijafyekwa. Nami nimesimama na ndizi zangu. Ndipo kutoka kitandani ikaja sauti iliyokuwa haijasikika tangu juzi yake.

"Nani amekufa?"

Mwenye jembe akalitua chini.

"Nauliza nani amekufa!"

"Hakuna, mama. Amekuja... amekuja Mwanatumu."

"Mtoeni! Anakuja kunipima urefu! Mtoeni, na mniletee uji!"

Akaletewa uji akanywa, akapona, akaishi miaka mingi. Kila tulipokutana sokoni aliniita Bi Pima. "Bi Pima, hujambo? Mie bado!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana ningefanyaje.

Lakini siku ile sikucheka. Nilivuka kurudi Chole na ndizi zangu. Mwosha aliyebisha hodi kwa mgonjwa hana mji mmoja tu uliomfungia mlango. Habari hutembea na kila chombo. Zilifika Bwejuu kabla zile ndizi hazijaiva. Mwanakombo akaja. "Wifi, nasikia siku hizi wawabishia hodi walio hai?" Akafunua chungu. "Naona hata hivyo hawakukupa kitu." Alipoondoka alimwambia mzee aliyekuja naye, sauti ya kutosha nisikie, "Safari ijayo tutaondoka naye."

Nikamwendea Bi Kidawa nikamwambia yote. Alikaa akachambua mchicha kwa vidole, haoni, akaniambia maneno ambayo ndiyo ninayowaachia. "Kazi yetu haiombwi mlangoni. Siku ya msiba watu hawana akili ya kuchagua. Humwita yule ambaye mioyo yao ilishamchagua zamani wala wenyewe hawajui. Basi wewe waache wakuchague siku ya furaha."

Toka hapo nikawa siachi harusi wala arubaini ya mzazi. Siendi kula. Naenda jikoni, naomba kazi ya kuosha mchele, kazi ambayo kila mtu anaikwepa kwa kuogopa kuumwa kiuno. Katika harusi ya mjukuu wake, Bi Mafunda binti Kombo alikaa kwenye kiti cha mbuzi asikune nazi hata moja, ananitazama tu.  Alipokufa mwaka ule ule, binti yake akaja kwangu macho mekundu. "Mama ameacha neno. Amesema tumwite yule aliyekuwa akiosha mchele bila kumwaga chembe." Hiyo ndiyo nyumba yangu ya kwanza niliyoitwa kwa jina langu mwenyewe.

La pili. Fikirini mtu hutoka msibani akaenda wapi kwanza. Huenda kununua sanda. Na anayetumwa aghalabu ni kijana, amepigwa na butwaa, hajui hata kupima mkono mmoja wa bafta, ile nguo nyeupe ya sanda. Sasa Kasamu, Mhindi mwenye duka hapa mjini, alikuwa muungwana lakini hakujua kuwa mwanamke hukatiwa nguo tano. Siku moja nimo dukani nanunua sindano, akaja kijana wa watu analia, na Kasamu anakata vipande kama anakata tanga. Nikamwambia, "Bwana Kasamu, samahani, nipe nikukatie." Nikakata. Toka siku ile, kijana akija dukani kwa sanda, Kasamu humuuliza, "Mwanamke au mwanamume?" Akijibiwa mwanamke, husema, "Mwite Mwanatumu, yeye anajua kukata." Sikumwomba aseme. Ningemwomba, asingesema.

La tatu ni kinywa, na hapa wengi ndipo wanapozama. Ukitoka kuosha, kisimani watakungoja. Watakutekea maji, watakuita somo, watakuita dada. "Eti, Bi Mafunda alikuwa na kovu mgongoni?"

"Alikuwa na mgongo."

"Aa, Mwanatumu, tuambie bwana! Wasema alipigwa na mumewe wa kwanza."

"Wewe ukija kwangu utapenda nikajibu nini?"

 Wanakasirika siku ile, lakini wakirudi majumbani kila mmoja ameshaweka nadhiri yake. Bi Zuhura hakuweza jambo hili. Alikuwa mwosha mzuri kuliko mimi, mikono yake myepesi, lakini alisema kisimani habari ya mwili wa mwanamke mmoja wa nyumba kubwa, wale Waarabu wenye minazi wa asili ya Manga, na siku ya msiba uliofuata katika nyumba ile walinitumia mimi mtu na punda. Niliogopa kuingia. Nyumba ina dari za boriti, na wanawake wamekaa ukutani safu nzima wananitazama mdomo, si mikono. Nikamwosha Bi Salma binti Seif, nikatoka, wakaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Ametakata." Wakaniitikia kwa kichwa. Nyumba zao zote zikawa zangu.

Jibondo niliipata kwa njia nyingine, na hiyo sipendi kuikumbuka. Nyote mnajua Jibondo hakuna maji, huletwa kwa vyombo vya baharini. Alikufa Bi Riziki binti Haji, mke wa fundi wa majahazi, wakati wa kiangazi, na chombo cha maji kimechelewa kwa bahari mbaya. Nilipofika, mumewe, Fundi Juma, akatoa mtungi wa nyumbani akauweka mbele yangu. Nikafunga mlango nikaanza. Kila nikichota kata moja nasikia nje watoto wake wanamuuliza baba yao, "Tutakunywa nini?" Naye anawaambia, "Nyamazeni, mama yenu anaoga." Nilimwosha Bi Riziki kwa maji machache kuliko niliyopata kuosha mtu, na kila tone lililoingia ufuoni nililihisi kooni mwangu. Toka hapo sikwenda Jibondo bila mitungi yangu mwenyewe, nimeifunga vifuniko kwa majani ya mgomba. Waliniona natua ufukweni na mitungi, na Jibondo hawakumwita mwingine tena.

Basi kazi ikaja. Hodi asubuhi, hodi adhuhuri. Mwanakombo akaja akafunua chungu akakuta wali, akafunua cha pili akakuta samaki. Mngedhani hofu yangu iliisha. Hapo ndipo ilipohama jikoni ikaingia ukumbini.

Mnajua ada yetu: nguo za marehemu ni za mwosha. Katika nguo za Bi Mafunda mlikuwa na leso nzuri, nyekundu, haijapauka. Niliifua, nikaianika siku nyingi juani, nikamkatia Tatu kipande cha kujifunga. Akaenda nacho uwanjani kucheza. Alikuwepo Zena, mjukuu wa Bi Mafunda, wa rika lake. Zena akaishika ile nguo. "Leso ya bibi!" Akaikumbatia pale pale mwilini mwa Tatu, anainusa, analia anamwita bibi yake. Watoto wengine wakarudi nyuma. Mmoja akasema, "Mwana wa mwosha, usituguse." Tatu akaifungua leso akamwachia Zena, akarudi nyumbani na shanga zake tu kiunoni.

Jioni nikampa chakula. Akaniuliza, "Mama, leo umeosha?"

"Nimeosha."

"Mkono huo?"

Akashuka mkekani akaenda kukaa kizingitini. Hakula. Kesho yake hivyo hivyo. Nilijisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa pwani hata ngozi ikachubuka, lakini karafumaiti, wanangu, hukaa ndani ya kucha. Mtoto alinijua kwa harufu kabla sijafika uani. Alikula kwa Bi Kidawa kidogo, alikula embe akiokota mwenyewe, lakini kitu kilichopita mkononi mwangu hakukigusa. Nyumba zinazoniita zikazidi, chungu kikazidi kujaa, mtoto akazidi kukonda.

Mwanakombo akaja. Akafunua chungu, akatazama, akamwita Tatu akamshika mkono, akauzungusha kwa vidole viwili vikakutana. Akanigeukia, na mara hii hakuwa na kejeli, alikuwa na woga kama wangu. "Chungu kimejaa, wifi. Mbona mtoto amekwisha?"

 Ningemwambia nini? Kwamba ananiogopa? Hilo ndilo neno ambalo kadhi angelisikia mara moja tu likatosha.

Kisha ikaja ndui. Ilianza kwa mabaharia, ikaingia Chole, ikavuka Juani, ikaenda hata vijijini. Bi Zuhura akajifungia. Mie niliugua ndui utotoni, makovu mnayaona, na aliyeugua haimrudii. Basi kila nyumba ikanijia mimi. Wake walilia uani kwa kukosa mwosha wa kiume wa kuwaosha waume zao. Waume hao niliwaelekeza tu wana wao kwa sauti kutoka nyuma ya pazia, namna ya kushika na namna ya kumimina. Wanawake niliwaosha mwenyewe. Mwanahawa binti Tamimu. Bahati, yule yule mmiminaji. Mize na dada yake Subira katika chumba kimoja. Sikuogopa maiti hata mmoja. Niliogopa nguo zangu, niliogopa mikono yangu, niliogopa upepo unaotoka kwangu ukaenda kwa Tatu.

Nikampeleka akae kwa Bi Kidawa, ambaye naye alikuwa na makovu. Mimi nikawa nasimama huku ua wa makuti, yeye yuko kule, tunasemezana kwa tundu. Sijui kwa nini, lakini huko nyuma ya ua alinisemesha kuliko alivyonisemesha nyumbani.

Siku moja akaniuliza, "Mama, kweli umemwosha Zena?"

Nilikuwa nimetoka huko muda huo. Nikataka kumdanganya, ulimi ukakataa. "Nimemwosha."

"Alilia?"

"Hakulia."

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Niliyapasha moto kidogo."

"Ulimsuka?"

"Nilimsuka, mwanangu. Misuko mitatu."

 Nikaona jicho lake moja katika tundu la makuti, halipepesi. "Ulimwambia ni wewe?"

"Nilimwambia. Nilisema, Zena, usiogope, ni mimi mama yake Tatu."

Jicho likaondoka tunduni. Sikujua kama nimemtuliza au nimemwua moyo. Nilirudi nyumbani nikakaa chini na sikuweza hata kuwasha moto.

Ndui ikapita, ikatuachia Tatu bila kipele. Na mara tu vyombo viliporuhusiwa kuvuka, Mwanakombo akaja na wazee wake. Tatu alikuwa ameshajua kutia udhu mwenyewe, hakuna aliyeweza kubisha kuwa wakati wa kuulizwa umefika. Tukaenda kwa kadhi. Mwanakombo alileta kekee mbili, bangili za fedha, zimefungwa kitambaani, akaziweka mbele yake. Zilikuwa za Tatu, hakuzileta kwa hila. Hakuwa na mtoto tumboni mwake hata siku moja, na alimpenda yule.

Kadhi akamwita mtoto mbele. "Tatu, mwanangu, usiogope mtu hapa. Kwa mama yako na kwa shangazi yako, wataka kukaa na nani?"

Tatu akamtazama Mwanakombo. Kisha akanitazama mimi, lakini si uso. Alinitazama mikono. Nikaificha chini ya ushungi, kisha nikaona haya kuificha nikaitoa tena.

"Kwa shangazi nitakula," akasema.

 Niliwahi kusikia pumzi za watu wengi zikitoka mara ya mwisho, nikadhani sasa naisikia yangu. Mwanakombo akaanza kufungua kitambaa.

"Lakini nikifa," Tatu akasema, "sitaki anioshe mtu nisiyemjua. Nataka mama. Anasema ni yeye. Basi nitakaa kwa mama."

 Mzee mmoja wa Bwejuu akasema, "Astaghfirullahi, mtoto na maneno kama haya." Mwanakombo akalia. Akamvalisha kekee zote mbili papo hapo, zikamtelemka mpaka kiwikoni kwa wembamba wake, akamwambia, "Kaa, mwanangu. Kaa na mama yako. Lakini kula, nakuomba. Usifanye haraka."

Akala. Si siku ile, wala si wiki ile. Alianza na tende, ambayo nilimpa kwa ncha ya kijiti, na baadaye kijiti kikawa kifupi, kifupi, hata hakikuwepo.

Yaliyofuata mnayajua, mengine mlikuwepo. Bi Mwanaidi wa Juani alipofika zamu yake kweli, aliwaambia wanawe, "Sasa mwiteni Bi Pima, na mwambieni aje na kamba yake." Nilikwenda. Nilimwambia, "Bi Mwanaidi, ni mimi, nimekuja kwa hodi ya watu wako safari hii," na nilimwosha vizuri kuliko nilivyojua. Waingereza wamekuja na mizinga yao, Wadachi wameondoka, na watu wamekufa chini ya bendera zote mbili kwa namna moja. Mikono yangu sasa inatetemeka, hainyanyui tena mtu. Ndiyo maana ninyi wawili mna kazi, au mtakuwa nayo, mkianza kuosha mchele wa harusi za watu.

Lakini woga wa yale maneno mbele ya kadhi sikuuacha pale. Tatu ameolewa Baleni, ana watoto, na sasa ana mimba nyingine inayomlemea miguu. Toka siku ile mpaka leo, kila hodi iliyopigwa mlangoni kwangu nimeuliza kwanza, "Mwatoka wapi?" Wakisema Kirongwe, wakisema Juani, moyo unarudi mahali pake, na mimi, Mungu anisamehe, nawapa watu makiwa, pole ya msiba, huku nafsi yangu inashukuru.

Nyumba zote nimewaachia, na ya Jibondo msisahau mitungi. Moja tu sikuwaachia. Wakija watu wa Baleni kwa jina la Tatu binti Shomari, msiende, msipashe maji moto, nijieni mimi hata kama nimelala kitandani sijiwezi. Mtanishika viwiko, nitamimina. Nilimwahidi kwa kunyamaza kwangu mbele ya kadhi, na ahadi ya kunyamaza ndiyo nzito.

Namwomba Mungu isifike. Na mkimwona Tatu mwenyewe anavuka kuja Chole, ushungi umemlegea, anawaita mumsaidie kuniosha mimi, msimlilie sana. Mpeni kata, mwacheni amimine. Hilo ndilo nililoomba miaka yote, na litakuwa limekubaliwa.